Stockholm kwa Miguu ya Mdogo Wangu

Mtu anayekwenda Stockholm kwa mara ya kwanza asianze na jumba la mfalme. Aanze na maji. Mji ule umekaa juu ya visiwa vilivyounganishwa kwa madaraja, kwa hiyo ukipotea tafuta ukingo wa maji uufuate, utatokea mahali penye watu. Avae viatu vya maana, maana vichochoro vya mji wa zamani vimetandikwa mawe yasiyo na huruma na visigino. Asihangaike kubeba noti, hata muuza kahawa anataka kadi. Kiu ikimshika, anywe maji ya bomba bila kuyachemsha. Na akipanda treni, anyamaze kama wenzake. Watu wa kule hawasalimii mtu wasiyemjua. Si kwamba wamekasirika, ndivyo walivyo.

Haya yote nayajua na sijafika. Mimi ni muuza vitenge wa soko la Butembo, na safari yangu ndefu kuliko zote iliishia Kampala. Stockholm nimeitembea nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki uani kwangu, nimenyoosha mkono mpaka unaingia ganzi, nikimshikia mama simu mbele ya uso. Kila Jumapili baada ya misa, kama rezo, yaani mtandao, imekubali na mega za intaneti zipo, mdogo wangu wa kike alitupigia kwa video akatutembeza mji ule, mtaa baada ya mtaa.

Ningependa kusema zilikuwa saa za raha, lakini hazikuwa. Mama hakuutaka mji. Mama alitaka kujua jambo moja tu: mtoto wake yuko vizuri au hayuko vizuri. Na kwa mama, jambo hilo linaonekana ndani ya nyumba, halionekani barabarani. Sufuria ziko wapi, kitanda kimetandikwa namna gani, mtu anakaaje kwenye kiti chake mwenyewe. Kila Jumapili aliomba aonyeshwe nyumba, na kila Jumapili tulionyeshwa daraja.

"Mutoto wangu, leo utanionyesha fasi unalalaka?"

"Leo ninabaonyesha kwanza mashuwa moja ya zamani, mama. Angalia."

Akaingia nasi ndani ya jengo lenye giza ambamo wametunza meli nzima ya mbao, ndefu kuliko kanisa letu. Akatueleza kwamba mfalme wa zamani aliijenga kwa mbwembwe zote. Siku ya kwanza tu ilipotoka, upepo ukaisukuma kidogo, ikazama palepale mbele ya macho ya watu. Ikalala chini ya maji zaidi ya miaka mia tatu, kisha wakaiopoa, wakaikausha, na sasa wageni wanatoka dunia nzima kuja kuitazama.

"Ilizama siku ya kwanza?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na batu banatoka mbali kuangalia kitu chenye kilishindwa?"

"Ni histoire, mama."

"Kama ni vile, bakuye huku. Vyenye bilishindwa biko mingi."

Mimi nilicheka mpaka simu ikayumba, na mdogo wangu naye akacheka, kule mbali, katikati ya wazungu waliokuwa wakinong'ona. Mama hakucheka. Alisogeza uso karibu na kioo cha simu, akasema, "Sasa nyumba." Mdogo wangu akasema rezo inakatika. Yetu ilikuwa nzuri kabisa siku hiyo.

Sisi ni watu wa Mbau, kwenye barabara ya kutoka Beni kwenda Oicha. Mama alikuwa na shamba la kakao pale, na mimi nilitoka mapema kuja kufanya biashara Butembo. Mdogo wangu aliolewa na kijana wa Masereka. Wakavuka kwenda Uganda, wakakaa Kampala miaka, kisha bahati ikawaangukia, wakapelekwa Sweden kama wakimbizi. Mwaka huohuo wa kuondoka kwao, hali ya Mbau ikaharibika, waasi wakashambulia vijiji. Watu wakakimbia na walichoweza kubeba kichwani. Kwa wiki kadhaa sikujua mama yuko wapi. Nilikwenda Beni nikizunguka parokia kwa parokia, shule kwa shule, nikiuliza wakimbizi, na nilipomkuta alikuwa ameketi juu ya furushi lake, anagombana na mwanamke mwingine kuhusu kivuli. Nilimpandisha gari siku hiyohiyo nikamleta kwangu.

Butembo haijamkaa mama vizuri mpaka leo. Baridi ya asubuhi inamuudhi, na mikaratusi anasema ni miti isiyozaa kitu. Uani kwangu hakuna cha kulima, basi anafagia. Anafagia penye uchafu na pasipo na uchafu, anaketi, anasimama, anakwenda mpaka kwenye lango kuangalia barabara, anarudi. Na mimi si mtu wa kuvumilia mambo hayo. Nilikuwa namwambia, "Mama, ikala chini quand même," na yeye ananijibu kwamba hata mimi sijakaa tangu asubuhi. Ilikuwa kweli. Mzigo wangu ulikuwa kwenye barabara ya Beni siku nyingi, na barabara ile ikitoa habari mbaya hata mtu aliye nyumbani anakosa usingizi.

Kwa hiyo Jumapili tulikuwa watu watatu wasiotulia, wawili uani Butembo na mmoja anayetembea Ulaya. Maana mdogo wangu hakusimama. Simu ilikuwa inaruka na hatua zake. Alitupeleka kwenye treni ya chini ya ardhi, ambayo vituo vyake vimechimbwa ndani ya mwamba na kuachwa hivyohivyo, mwamba ukapakwa rangi za maua na moto. Mama alipoona ngazi zinazojiendesha zikishuka kwenye shimo refu, alifanya ishara ya msalaba. Alitupeleka mahali ambapo wanaume wanavua samaki katikati ya mji, karibu na bunge lao, na mama akataka kujua samaki wale ni wa nani. Alitupeleka kwenye feri, akatuonyesha jumba la matofali mekundu lenye mnara. Kipindi cha baridi alitupigia saa tisa mchana, taa za barabarani zikiwa zimewaka tayari.

"Jua yao inaendaka wapi?" mama akauliza.

"Inalala, mama. Mwezi wa sita haitalala hata kidogo."

"Sasa wewe unalalaka saa ngapi?"

Akatuonyesha mkahawa ambao nje yake mama za watoto walikuwa wameacha vigari vya watoto vimepangwa kwenye baridi, na watoto wamelala ndani yake chini ya mablanketi mazito, wao wakinywa kahawa upande wa pili wa kioo. Ni desturi yao, wanasema hewa ya baridi inampa mtoto nguvu. Mama aliruka kutoka kwenye kiti, akiona wataibwa.

"Babaibe! Rudisha simu, nione bale batoto muzuri!"

Lakini simu ilikuwa imeshageuka. Tukaona maji, tukaona bata, tukaona daraja jingine.

Mimi, kwa kuwa nina roho ya haraka, niliamua kwamba kosa ni la bwana wa mdogo wangu. Mwanamume mwenyewe tulimwona mara moja moja tu, amebeba mfuko, anapunga mkono, anaondoka. Nikajenga hadithi nzima kichwani. Siku moja nilikuwa Beni, jua la Beni linanichoma utosini, nasubiri mteja wa vitenge aliyeniahidi kuja asubuhi na hakuja, mdogo wangu akanipigia. Haikuwa Jumapili na mama hakuwepo. Sikuzunguka.

"Uniambie sasa tuko sisi wawili. Bwana yako anakupiga?"

"Hapana, yaya!" akasema, yaya kwetu ni dada mkubwa. "Ni mutu muzuri."

"Alipata mwanamuke mwingine?"

"Hapana."

"Nyumba iko na mapanya?"

Akacheka, nikafurahi kidogo kwamba amecheka. "Nyumba ni muzuri, yaya. Iko na moto ya kufukuza baridi hata kwa ukuta."

"Basi unakimbiaka nini?"

"Sikimbie kitu. Ninatembea tu."

Nyuma yake niliona theluji na miti mirefu iliyonyooka, na pumzi yake ikitoka mdomoni kama moshi. Mimi nilikuwa natoka jasho. Nikamwambia hata mwendawazimu wa soko la Beni anapumzika mchana, akacheka tena, akaaga. Nilirudi Butembo na hasira ambayo sikujua niiweke wapi, nikaimalizia kwa dereva.

Kisha ikaja habari ya mimba. Mama alikaa chini. Nasema hivyo kwa sababu tulishangaa wote, hata majirani: alikaa chini kwenye mkeka akaanza kushona vitambaa vidogo, na fagio likalala. Daktari wa kule alikuwa ameshaona kwamba ni msichana. Na hapo furaha ikawa yangu mimi kuliko mtu yeyote, na lazima nieleze kwa nini, kwa ajili ya msomaji asiyetoka kwetu.

Sisi Wanande hatuchagui jina la mtoto, linakuwa limeshakaa linamngoja. Msichana wa kwanza wa mama ana jina lake, wa pili ana lake, wa tatu hivyohivyo, na wavulana nao wana mstari wao. Jina la ubatizo chagueni mnavyotaka, lakini lile la kwetu linafuata foleni. Ndiyo maana wageni wanashangaa ndugu wa tumbo moja hawana jina moja la ukoo. Mimi ni msichana wa kwanza wa mama yangu na mdogo wangu ni wa pili. Msichana wa kwanza wa mdogo wangu, basi, angeitwa kama mimi. Najua wasichana wa kwanza wamejaa Butembo nzima, ukiita jina langu sokoni wanageuka wanawake kumi. Lakini huyu angetoka katika damu yetu, tena Ulaya! Nilitangaza kwenye meza zote za vitenge kwamba ndoyi wangu, wajina wangu, anazaliwa Stockholm. Nilikata kipande cha kitenge bora kuliko vyote nilivyokuwa navyo, nikakikunja, nikakiweka kando, na aliyetaka kukinunua nilimfukuza.

"Ndoyi anafika lini?" wenzangu walikuwa wananiuliza kila asubuhi.

"Anafunga valizi ya safari," nawajibu.

Mtoto alizaliwa katikati ya wiki, tukapata ujumbe mfupi kwamba wote wawili ni wazima. Jumapili simu ikalia. Nikaipokea na kumwekea mama mbele, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na daraja wala maji. Tuliona ukuta mweupe. Tuliona pazia la maua. Mdogo wangu alikuwa ameketi juu ya kitanda chake mwenyewe, mto mgongoni, mtoto kifuani, na nyuma yake bwana, amevaa soksi, anakoroga uji kwenye sufuria. Mama aliangalia kila kitu polepole. Akaomba aonyeshwe uji kama ni mzito. Ulikuwa mzito.

"Wasingya, Nyamuhanga," akamshukuru Mungu kwa Kinande, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Mimi sikuweza kungoja zaidi. "Sasa, musalimie ndoyi wangu. Mwambie mama yake mukubwa iko na kikwembe yake hapa, ile kitenge nilimukatia."

Mdogo wangu akamtazama bwana wake. Kisha akalitamka jina la mtoto, kwa sauti ndogo. Halikuwa langu. Lilikuwa lake yeye mwenyewe, jina la msichana wa pili.

"Hee!" nikasema. "Umeniruka? Uzungu imekusahaulisha hata kuhesabu? Wa kwanza ni mimi! Hiyo ni jina ya wa pili, ni yako wewe!" Nilikuwa nacheka na nilikuwa nimekasirika, vyote viwili, na nikaendelea. "Batu ba soko bote banajua. Nitabaeleza nini? Kwamba mudogo wangu alienda Ulaya akaanza kuhesabu na mbili?"

Kule chumbani, mwiko wa bwana ulikuwa umesimama. Mama aliweka mkono wake juu ya mkono wangu ulioshika simu, akaubana.

"Nyamaza," akaniambia. Akaivuta simu karibu. "Mutoto wangu. Wa kwanza iko wapi?"

Bwana alikuja akakaa kando ya mdogo wangu, akamchukua mtoto. Ndipo mkewe akasema. Walifika Stockholm akiwa na mimba ambayo alikuwa hajatuambia, kwa sababu kwetu mtu hatangazi mapema. Msichana alizaliwa katika baridi ile ya kwanza. Aliishi kidogo. Walimpa jina lake, padri akambatiza hospitalini, wakamzika.

"Juu ya nini haukusema?" Sauti ya mama haikuwa na lawama.

"Mama, ni ile wakati mulikuwa munakimbia Mbau. Simu yako haikupita. Yaya alikuwa anakutafuta Beni. Ningesema kwa nani? Kisha wakati yaya alikupata, kitu ya kwanza ulisema kwa simu ni aksanti kwa Mungu, juu batoto bako na bajukuu bako bote ni bazima. Nikashindwa."

Nilikumbuka siku hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika simu.

"Nyumba ilinishinda kukala," akaendelea. "Nikaanza kutembea. Nikatembea huu muji yote. Kisha nikasema, afazali nitembee na nyinyi."

Basi ndivyo nilivyokuja kuelewa meli, na ngazi, na samaki, na madaraja yote yale. Nililia. Sikulia vizuri, nililia kwa kelele, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Huyu singeweza kumupatia jina ya mukubwa yake, mama," mdogo wangu akasema. "Ni yake. Hana kitu kingine."

"Ulifanya vizuri," mama akasema. "Mwenye alikufa anahesabiwa. Ungelimuruka, angepotea kabisa." Akaongeza, "Jumapili utanipeleka kwake."

Wiki ile mama alifagia kama mtu anayelipwa. Sikumkataza. Mimi mwenyewe nilifungua meza yangu sokoni nikaifunga, nikaifungua tena. Wenzangu walipouliza habari za ndoyi niliwaambia ukweli, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliuliza jina alilopewa yule mdogo, na aliposikia akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ni sawa. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kuelezwa mara mbili.

Mgeni wa Stockholm anayetaka kufika mahali pale apande treni ya chini ya ardhi inayokwenda kusini, ile ya mstari wa kijani. Si mbali. Wageni wengi huenda kwa ajili ya kutazama tu, na Jumapili ile niliwaona mwenyewe, wamebeba ramani na kamera, maana ni mahali panaposifiwa katika dunia. Unaingia na kukuta kilima kipana cha majani, kisha msitu wa misonobari, mirefu, mashina yake mekundu kwa juu. Makaburi yamo humohumo katikati ya miti. Hakuna kelele, na mawe ni madogo. Kwetu makaburi tunayakwepa mpaka siku ya kwenda na maiti. Kule niliona mtu anakimbia mazoezi.

Mdogo wangu alikuwa amemfunga mtoto kifuani ndani ya koti, na bwana wake alikuwa ndiye anayeshika simu, mkono wake haukuyumba. Tulipita mistari ya makaburi ya watu wazima, tukafika mahali penye mawe mafupi zaidi. Pale watu walikuwa wameacha vitu: taa ndogo ya mshumaa, sungura wa kitambaa, gari la plastiki. Bwana akainama. Nikasoma jiwe. Nimekaribia miaka hamsini, na jina langu nimeliona kwenye kadi ya ubatizo, kwenye diploma, kwenye kibao cha meza yangu sokoni. Pale nililiona kwenye jiwe la kaburi, na jua la Butembo lilikuwa juu yetu.

"Weka simu karibu na udongo," mama akasema.

Bwana akaiweka chini. Tuliona sindano za misonobari, kavu, za rangi ya kahawia, na pembe moja ya jiwe. Mama alisimama. Alijifunga kitenge upya kiunoni, akaniambia nisimame pia na nishike simu kwa mikono miwili. Akamsalimia mjukuu wake kwa Kinande, kama nyanya anavyosalimia mtoto aliyemkuta mlangoni. Akajitambulisha, yeye ni nani, mama ya nani, wa wapi. Akamwambia kwamba amechelewa kwa sababu ya barabara, na kwamba hakuna mtu aliyemwambia. Mdogo wangu alikuwa analia kule juu, tunamsikia bila kumwona, na mtoto naye akaanza kulia.

Kisha mama akamwita. Aliliita lile jina kwa sauti kubwa, sauti ya Mbau, ile ya kumwita mtoto aliyezama ndani ya shamba la kakao na jioni inaingia. Sauti ile nimeijua kabla sijajua kitu kingine chochote. Sikufikiri.

"Niko, mama," nikaitika.

Niliona aibu, nikataka kusema samahani, nikataka kusema sikuitwa mimi. Mama hakugeuka kunitazama. Kutoka kwenye simu, kutoka juu ya ule udongo, nikasikia sauti ya mdogo wangu.

"Mwitikie, yaya," akasema. "Yeye hakupata kujua kusema."

Mama akaita tena. Nikaitika.